"Ukubwa Halisi" Katika Tarakilishi: Programu Hujuaje Upana wa Kiwambo?

Ikisiri

Programu nyingi za kusomea nyaraka humpa msomaji amri ya kuonyesha ukurasa kwa "ukubwa halisi". Makala haya yanachunguza msingi wa dai hilo. Yanaonyesha kwamba tarakilishi haina njia ya kupima kiwambo chake. Hutegemea taarifa iliyoandikwa na mtengenezaji, na mara nyingi hata taarifa hiyo huwekwa kando na nafasi yake kuchukuliwa na kadirio la kudumu. Makala yanaeleza jinsi taarifa hiyo inavyosafiri, mahali inapopotoka, na kiasi cha kosa linalotokea. Kisha yanajadili athari zake kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma picha za miswada ya kale, na kupendekeza njia ya kusahihisha vipimo pamoja na istilahi zinazofaa.

1. Utangulizi

Kabla ya rula na mizani za kisasa kuenea, Waswahili walipima kwa viungo vya mwili. Shubiri ilikuwa urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Dhiraa ilitoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima ilikuwa upana wa mikono miwili iliyonyoshwa. Vipimo hivi vilitosha kwa shughuli nyingi, lakini kila aliyenunua kitambaa alijua kwamba dhiraa ya mtu mrefu haikuwa sawa na dhiraa ya mtu mfupi. Jina lilikuwa moja ilhali urefu ulitofautiana.

Inchi inayotumiwa na tarakilishi ina hali kama hiyo. Kwenye rula, inchi moja ni milimita 25.4, wala haibadiliki. Kwenye kiwambo, inchi moja yaweza kuwa fupi au ndefu kuliko hiyo, kutegemea kifaa kilichopo mezani. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa kitambaa aliuona mkono uliokuwa ukipima, ilhali msomaji wa kiwambo hauoni. Huona tu maneno "ukubwa halisi" na kuyaamini.

Suala hili laweza kudhaniwa kuwa la wahandisi peke yao. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi ambaye sehemu kubwa ya matini zake humfikia kwa njia ya picha ana sababu ya kuuliza: herufi ninayoiona hapa ina urefu gani, na ni nani aliyeniambia hivyo?

2. Pikseli, pointi na inchi

Kiwambo cha tarakilishi kimegawanywa katika vitone vidogo vya mwanga viitwavyo pikseli. Kiwambo kinachoelezwa kuwa cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Idadi hii tarakilishi huijua bila kukosea, kwa kuwa ndiyo inayoamuru kila pikseli iwake rangi gani. Lakini idadi si ukubwa. Pikseli 1920 zaweza kuenea katika kipakatalishi cha inchi 14 na zaweza pia kujaza runinga ya inchi 55.

Ili kugeuza pikseli kuwa inchi, programu huhitaji kujua msongamano, yaani idadi ya pikseli katika kila inchi. Msongamano huo hupatikana kwa kugawanya idadi ya pikseli za upana kwa upana wa kiwambo katika inchi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu umo katika kupata upana wenyewe.

Kipimo kingine kinachohusika ni pointi, ambacho wanafunzi hukijua kutokana na masharti ya uandishi wa tasnifu. Katika uchapaji wa tarakilishi, pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Kwa hiyo hati ya pointi 12 ina kimo cha sehemu ya sita ya inchi, yaani milimita 4.23 kwenye karatasi. (Kimo hiki ni cha nafasi nzima iliyotengewa herufi, si cha herufi moja moja.) Iwapo programu haiijui inchi, basi haiijui pointi pia.

3. Habari zinavyoifikia tarakilishi

Kiwambo hakina kitambuzi cha kujipima, wala tarakilishi haina jicho la kukitazama. Kinachotokea ni kwamba kiwambo hujitambulisha. Mwaka 1994 shirika la viwango la VESA lilitoa utaratibu ujulikanao kwa kifupi kama EDID. Kwa mujibu wa utaratibu huo, mtengenezaji huandika taarifa fupi za kiwambo katika chipu ndogo ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kiwambo chenyewe. Kebo inapochomekwa, tarakilishi husoma taarifa hizo.

Sehemu ya msingi ya EDID ina baiti 128 tu. Humo mna utambulisho wa mtengenezaji, namba ya muundo, mwaka wa kutengenezwa, sifa za rangi na aina za picha zinazokubalika. Ukubwa wa kiwambo umo katika mahali pawili. Kwanza, baiti mbili hutaja upana na urefu kwa sentimita nzima, bila desimali. Pili, katika maelezo marefu zaidi ya picha inayopendekezwa, upana na urefu hutajwa kwa milimita. Mahali hapa pawili pangepaswa kukubaliana, lakini utaratibu wenyewe haulazimishi tarakilishi kupalinganisha.

Baiti ya mwisho kati ya zile 128 ina kazi ya uhakiki. Huwekwa thamani ambayo, ikijumlishwa na baiti nyingine zote, jumla hugawanyika kwa 256 bila baki. Tarakilishi ikipata baki, hujua kwamba taarifa imeharibika. Ni muhimu kuelewa mpaka wa uhakiki huu. Huthibitisha kwamba taarifa imefika kama ilivyoandikwa. Hauthibitishi kwamba iliyoandikwa ilikuwa kweli. Mwanafunzi wa miswada anaifahamu tofauti hii. Mnakili mwaminifu aweza kuhamisha kila herufi bila kupunguza nukta, na bado akahamisha kosa lililokuwamo katika nakala aliyoitumia. Uaminifu wa unakili ni jambo moja, na usahihi wa yaliyonakiliwa ni jambo jingine.

4. Mahali habari inapopotoka

Kosa la kwanza, ambalo ni dogo, hutokana na kukadiria kwa sentimita nzima. Chukulia kipakatalishi cha inchi 15.6 chenye pikseli 1366 kwa 768. Eneo lake linalowaka lina upana wa milimita 344 hivi na urefu wa milimita 194. Kwa sentimita nzima, taarifa husema 34 kwa 19. Programu inayotumia milimita itapata pikseli 100.9 kwa inchi katika upana. Inayotumia sentimita itapata 102.0 katika upana na 102.7 katika urefu. Kosa la urefu ni takriban asilimia 2. Aidha, pikseli ambazo kwa kweli ni za mraba zinaonekana kana kwamba zina upana na urefu usiolingana.

Kosa la pili ni la vifaa visivyo na ukubwa mmoja. Projekta ya darasani hutoa picha ndogo ikisogezwa karibu na ukuta na picha kubwa ikirudishwa nyuma. Haiwezi kujua ukubwa wa picha yake, na EDID huiruhusu iandike sufuri. Hapa kifaa kinasema kweli kwa kunyamaza. Programu ndiyo hulazimika kuamua la kufanya, kwa sababu haiwezi kugawanya pikseli kwa sufuri.

Viwambo vya zamani vya mrija navyo vilikuwa na tatizo linalofanana. Kiwambo kilichouzwa kwa jina la inchi 17 kilionyesha picha ya inchi 16 hivi, kwa kuwa sehemu ya kioo ilifichwa na fremu. Zaidi ya hayo, mtumiaji aliweza kuipanua au kuifinya picha kwa vitufe vya mbele. EDID ilitaja ukubwa wa juu kabisa wa picha, si ule uliokuwa ukionekana wakati huo.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi, na hutokea sana katika runinga. Baadhi ya watengenezaji, badala ya kuandika ukubwa, huandika uwiano wa upana na urefu. Runinga yenye umbo la 16 kwa 9 hujitambulisha kuwa na upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 9, hata kama imejaza ukuta wa sebule. Kosa hili limeenea kiasi kwamba waandishi wa baadhi ya programu za Linux wameweka kanuni maalumu: kiwambo kikidai kuwa na milimita 160 kwa 90, au 160 kwa 100, dai hilo hupuuzwa. Vilevile, taarifa moja yaweza kutiwa katika runinga za saizi mbalimbali. Kifaa kilichowekwa kati ya tarakilishi na kiwambo, kama vile kigawanya picha, nacho chaweza kutuma utambulisho wake badala ya ule wa kiwambo.

Katika visa vyote hivi, uhakiki wa baiti 128 hupita bila hitilafu.

5. Inchi ya hesabu

Ingedhaniwa kwamba, makosa hayo yakishaondolewa, programu hutumia upana uliotangazwa. Mara nyingi sivyo. Kwa miongo kadhaa programu zimezoea kutumia msongamano wa kubuni, usiotokana na kiwambo chochote.

Tarakilishi ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kiwambo cha pikseli 512 kwa 342, zikiwa 72 kwa kila inchi. Idadi hiyo ilichaguliwa ili pikseli moja iwe sawa na pointi moja, na hivyo kinachoonekana kwenye kiwambo kilingane na kinachotoka kwenye printa. Kwa kuwa kiwambo na programu vilitengenezwa na kampuni moja, madai ya programu yalikuwa karibu na ukweli.

Windows ilitumika katika viwambo vya watengenezaji wengi, ikachukua pikseli 96 kuwa inchi moja. Idadi hiyo imezidi 72 kwa thuluthi moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba msomaji hukaa mbali na kiwambo kuliko anavyoishika karatasi, kwa hiyo herufi zinahitaji kukuzwa. Inchi hiyo basi haikukusudiwa kuwa milimita 25.4. Ni inchi ya hesabu: jina la pikseli 96, popote zilipo na kwa upana wowote.

Kadirio la 96 limeenea hadi kwenye kurasa za wavuti. Katika kanuni za CSS 2.1, zilizokamilishwa mwaka 2011, inchi moja ni pikseli 96 daima, na katika viwambo vya kawaida pikseli ndiyo hushika usukani. Mwandishi wa ukurasa akiagiza mstari wa sentimita 5, hapati hakikisho kwamba msomaji ataona sentimita 5. Uamuzi huu haukuwa wa uzembe. Kurasa nyingi zilikuwa tayari zimeandikwa kwa kudhani 96, na zingevurugika iwapo kila kiwambo kingetumia kipimo chake. Aidha, taarifa za EDID zilikwisha kuonekana kuwa haziaminiki vya kutosha. Kati ya kweli isiyo na uhakika na kadirio linalofanana kwa wote, wataalamu walichagua kadirio.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika ukurasa wa A4, ambao upana wake ni milimita 210. Kwa kadirio la 96, upana huo ni pikseli 794 hivi. Ukionyeshwa kwa "ukubwa halisi" katika viwambo vitatu vya kawaida, bila mfumo kuongeza ukuzaji wowote, hali ni hii:

(a) Katika kipakatalishi cha inchi 15.6 chenye pikseli 1366 kwa 768, ukurasa una upana wa milimita 200.
(b) Katika kiwambo cha mezani cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1080, una upana wa milimita 219 hivi.
(c) Katika kipakatalishi cha inchi 14 chenye pikseli 1920 kwa 1080, una upana wa milimita 128.

Karatasi ni moja na amri ni moja, lakini ukurasa wa kiwambo cha (b) umeupita ule wa (c) kwa zaidi ya sentimita 9. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu kilichotoa milimita 210.

6. Athari katika usomaji wa miswada

Miswada mingi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imehifadhiwa mbali na mahali ilipoandikwa. Baadhi imo katika maktaba ya SOAS, London, na mingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyeko Kenya aghalabu huisoma kwa picha. Faida ya picha hizo ni kubwa, kwa kuwa humwezesha kuona mkono wa mwandishi, mpangilio wa vipande vya ubeti na masahihisho ya pambizoni, bila kupanda ndege.

Hata hivyo, maelezo ya mswada hayaishii kwenye maneno. Mtafiti hueleza pia ukubwa wa karatasi, upana wa pambizo, kimo cha herufi na umbali kati ya mistari. Vipimo hivi husaidia kuamua iwapo kurasa mbili zilizotengana zilitoka katika daftari moja, au iwapo mikono miwili inayofanana ni ya mtu mmoja. Hapo ndipo kosa la kiwambo linapogeuka kuwa kosa la kitaaluma.

Chukulia alifu yenye kimo cha milimita 6 katika karatasi yenyewe. Kwa "ukubwa halisi", mtafiti mwenye kiwambo cha (b) akiweka rula juu ya kioo atapata milimita 6.3. Mwenzake mwenye kiwambo cha (c) atapata milimita 3.7. Wakilinganisha daftari zao, wataweza kubishana kwa dhati kuhusu waandishi wawili tofauti ilhali mwandishi ni mmoja. Hakuna kati yao aliyezembea; kila mmoja alipima alichokiona.

Picha yenyewe huongeza tatizo jingine. Mashine ya kuskani iliyolaliwa na karatasi hujua msongamano wake, kwa kuwa karatasi hugusa kioo chake. Kamera haijui umbali kati yake na mswada. Namba ya msongamano inayoandikwa ndani ya faili ya kamera, mara nyingi 72 au 300, huwekwa kwa mazoea tu na haina uhusiano na karatasi iliyopigwa picha. Basi picha ya kamera ikionyeshwa kwa "ukubwa halisi", makadirio mawili hukutana: la kamera na la kiwambo.

7. Namna ya kusahihisha

Wahenga wa leo husema akili ya kuambiwa uchanganye na yako. Mtafiti aweza kuisahihisha tarakilishi yake kwa rula ya kawaida, kwa kufuata hatua hizi:

(i) Apime kwa milimita upana wa eneo linalowaka, bila fremu.
(ii) Asome katika mipangilio ya mfumo idadi ya pikseli za upana, na kuhakikisha kwamba ndiyo idadi ya asili ya kiwambo na kwamba ukuzaji wa mfumo ni asilimia 100.
(iii) Agawanye milimita kwa 25.4 ili kupata inchi, kisha agawanye pikseli kwa inchi hizo. Jibu ndilo msongamano wa kweli.
(iv) Kama programu inaruhusu msongamano kuwekwa kwa mkono, kama ifanyavyo Adobe Reader, auandike humo. Kama hairuhusu, na iwapo hutumia kadirio la 96, agawanye msongamano huo kwa 96 na azidishe kwa 100 ili kupata asilimia ya ukuzaji. Kwa viwambo vitatu vilivyotajwa, majibu ni takriban asilimia 105, 96 na 164 mtawalia.
(v) Ahakiki kwa kitu chenye ukubwa unaojulikana. Kadi ya benki hufaa, kwa sababu kiwango cha kimataifa kimeweka upana wake kuwa milimita 85.6 na urefu wake kuwa milimita 53.98. Achore mstatili wa vipimo hivyo na kuilaza kadi juu yake.

Hatua hizi huondoa kosa la kiwambo, lakini haziondoi lile la kamera. Dawa ya kamera ni kuweka rula kando ya mswada wakati wa kupiga picha, katika usawa uleule wa karatasi. Rula ikiwamo pichani, mtafiti hahitaji kumwamini mtengenezaji wa kiwambo wala wa kamera. Atahesabu pikseli za sentimita moja ya rula, na kupima herufi kwa pikseli hizohizo. Anayepiga picha miswada ya familia, Lamu au kwingineko, na kuacha rula nje ya fremu ili picha ipendeze, huwanyima watafiti wa baadaye jambo wasiloweza kulirejesha.

8. Suala la istilahi

Mwaka 2004 programu ya Jambo OpenOffice ilitolewa ikiwa na menyu za Kiswahili, na tangu hapo programu nyingine zimefuata. Kazi ya kuunda istilahi hizo imesifiwa kwa haki. Neno kiwambo, kwa mfano, lina mzizi mmoja na kitenzi wamba, yaani kutandaza kitu na kukikaza juu ya fremu kama ngozi ya ngoma. Dhana mpya imepata makao katika neno lenye asili.

Tahadhari inahitajika katika kivumishi halisi. Katika matumizi ya kila siku, kitu halisi ni kile kisicho na shaka wala uigaji. Kukitumia kwa ukubwa uliokadiriwa ni kumpa msomaji hakikisho ambalo programu yenyewe haina. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, amri hiyo iitwe "asilimia mia", jina linaloeleza kinachofanyika bila kudai zaidi. Pili, maandishi ya kitaaluma yatofautishe "ukubwa uliotangazwa", yaani ule ulioandikwa na mtengenezaji, na "ukubwa uliopimwa". Tatu, inchi ya pikseli 96 iitwe "inchi ya hesabu", ili neno inchi peke yake libaki na maana ya rula.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba programu hujua idadi ya pikseli kwa yakini, hujua ukubwa wa kiwambo kwa kuambiwa, na mara nyingi huweka kando hata lile iliyoambiwa na kutumia kadirio la 96. Taarifa ya mtengenezaji yaweza kuwa sahihi kwa milimita, yaweza kukosea kwa asilimia 2, na yaweza kuwa uwiano uliovishwa joho la ukubwa. Programu haina njia ya kutambua tofauti hizo kwa uhakika, ila msomaji mwenye rula anayo. Kwa sababu hiyo, kila tasnifu inayotaja vipimo vya mswada uliosomwa kwa picha ingefaa ieleze jinsi vipimo hivyo vilivyopatikana: kama ni kwa rula iliyomo pichani, kwa kiwambo kilichosahihishwa, au kwa katalogi ya maktaba. Sentensi moja ya maelezo hayo yatosha kumwezesha msomaji kujua amwamini nani.